Nafasi ya Mke Ni Moja

Jumatatu asubuhi fundi cherehani na dereva wa winchi walikaa mbele ya dirisha la kampuni ya bima, wakimngoja karani amalize chai yake. Macho ya fundi yalikuwa yameingia mtoto wa jicho, na daktari alishamwambia kwamba asipopasuliwa mapema, cherehani aiage. Bima ya kazini kwa dereva ililipia upasuaji huo, mradi mgonjwa awe mke. Mwanamke huyu fundi alikuwa ameishi na dereva tangu watoto wa marehemu mke wa dereva hawajaota meno ya ukubwani. Aliwalea, akawasomesha, akawaoza. Cheti cha ndoa ndicho hakuwa nacho.

"Hata mkioana leo mchana," karani alisema, "nafasi ya mke ni moja, na ina mtu."

"Huyo mtu amekufa," dereva alisema. "Cheti cha kifo nilikuleteeni mwenyewe."

"Kile kilikuwa cha gharama za mazishi, mzee. Kumfuta mke, sharti mke afike mwenyewe."

Karani huyu tai yake ilikuwa imenyooka kuliko akili yake, na katika kampuni ile watu wa namna hiyo ndio waliopanda vyeo.

Jioni fundi alikwenda makaburini akamwita marehemu. Marehemu hakuwa mtu wa maringo. Alitoka, akajikung'uta udongo, akauliza watoto hawajambo, akasema yuko tayari. Kesho yake walifika wote watatu dirishani. Karani alimtazama marehemu, akatazama picha kwenye kompyuta, akaridhika.

"Nimekuja mnifute, mwanangu. Nilikufa zamani."

"Mama, mbona nakuona? Mke aliyepo hafutwi, labda mpeane talaka. Tena naona hapa kuna upasuaji wa macho unamsubiri mke. Nenda ukatibiwe."

Walikwenda mahakamani kwanza. Hakimu akawafukuza, akisema hana muda wa kuvunja ndoa iliyokwisha vunjwa na kifo. Basi marehemu akapasuliwa macho. Fundi alijaribu kueleza kwamba macho mabovu ni yake. Daktari akamjibu kwa upole kwamba macho yasiyo na kadi hayagusi. Marehemu alilazwa chumba cha peke yake, akaletewa mayai na maziwa asiyoweza kula, na fundi akakaa kwenye benchi akimshikia mkoba. Roho ilimuuma fundi vibaya sana. Lakini hakumlaumu marehemu. Aliwalaumu hao waliosoma wakapata vyeo, wakakaa wanafanya upuuzi huu bila hata kuona haya.

"Nisamehe, mke mwenzangu," marehemu alisema, bandeji zilipotolewa. "Naona mpaka sisimizi ukutani."

"Wewe una kosa gani, dada? Vaa viatu twende."

Marehemu hakurudi kaburini. Macho ya fundi yalipozima kabisa na cherehani ikauzwa, yeye ndiye aliyemshika mkono barabarani na kumwambia nani anapita. Mwisho wa mwaka walikwenda pamoja kuhakiki kadi. Karani alisimama, akamsogezea marehemu kiti.

"Mama, umependeza. Na huyu kipofu uliyekuja naye ni nani?"

"Mke wa mume wangu."

Karani alitafuta kwenye kompyuta kwa bidii kubwa, kwa sababu alikuwa mtu wa haki.

"Hayumo," akasema, akamwomba fundi asogee kando, anawazibia wateja njia.