Mageti Mawili ya Nelima

Kitendawili! Ukiniambia tega, nakutegea: mwanamume anacho kimoja, kinamtosha, mwanamke anavyo viwili, na analala nje. Ni nini hicho? Usikimbilie kunipa mji. Miji haigawiwi ovyo, na wa leo utahitajika baadaye. Wewe kaa ufikirie, na mimi nikueleze habari za Nelima.

Jumamosi moja ya mwezi wa tatu, mwaka wa sabini na moja, Nelima alikuwa amekaa kwenye kibao mbele ya chumba chake, katika landhi, zile nyumba za vyumba vya kupanga zilizo nyuma ya stesheni ya reli Kisumu, akichambua mchele wa Ahero. Alikuwa amebakiza kiganja kimoja tu kwenye ungo wakati jiwe la kwao Jentrix lilipoingia uani. Lilikuwa limechelewa kidogo. Likapita kati ya bomba na choo, likainama chini ya kamba ya nguo, likakaa mahali pake pa siku zote.

Jiwe hilo lilikuwa kubwa kama chumba cha kulala, na lilitoka Maragoli. Kila Jumamosi lilishuka mlimani, likapita Maseno, likafuata barabara ya lami upande wa kushoto kama sheria inavyotaka, na saa nane lilikuwa limefika. Mgongoni lilibeba wimbi ambalo mama yake Jentrix alikuwa ameanika asubuhi, na mara nyingine kuku mmoja aliyekuwa akidonoa bila kujali anapelekwa wapi. Kama Maragoli kulinyesha, jiwe lilifika limelowa, na uani kote kulinukia udongo mwekundu. Saa kumi na moja liliondoka, kwa sababu mama yake Jentrix alitaka kuanua wimbi lake kabla jua halijatua.

Wapangaji walilipenda. Lilikuwa na joto zuri la kukalia. Jentrix, ambaye alikuwa mwanamke mnene wa kucheka sana, mke wa fundi wa mabehewa, alipanda juu kabisa, akachota konzi ya wimbi la mama yake, akatega watu vitendawili. Hakuna aliyemweza. Tangu azaliwe hakuwa amempa mtu mji. Yeye ndiye aliyepewa. Alikwisha kupewa Nakuru, Kampala, Eldoret, na Mombasa mara tisa.

"Nelima, njoo ukalie kwetu!" alikuwa akiita kutoka huko juu. "Kwetu hakuumi!"

Nelima alikaa, lakini pembeni, tako moja tu. Alikuwa na wivu. Ulikuwa kama ule mwiba mdogo wa samaki unaokwama kooni: unaongea vizuri, unacheka vizuri, ila kila ukimeza mate unausikia upo. Yeye aliuza uji asubuhi pale stesheni, na wimbi lake alinunua sokoni, limejaa mchanga. Jentrix aliletewa la nyumbani mpaka mlangoni, na bado analalamika kwamba mwaka huu ni dogo dogo.

Mwezi wa nne ufuo wa Usenge ukaanza kumjia Ochieng, kijana wa kuelekeza mabehewa. Ulikuja ufuo wa hatua kumi hivi, umetandazwa omena, wale dagaa wa ziwani, za kukauka, na paka wote wa Kisumu wakiufuata nyuma kama watu wa matanga. Ochieng akavua viatu, akatembea juu ya mchanga wake kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, akasema miguu yake sasa imepona. Hakueleza ilikuwa ikiugua nini.

Basi akabaki Nelima.

Wiki hiyo hiyo akaja karani wa landhi, Bwana Oduor, na kitabu kirefu cha kuandika wapangaji. Kitabu kilikuwa na sehemu tatu: jina, kazi, kwao. Jentrix hata hakujibu, alielekeza kidole kwenye jiwe. Oduor akaligonga kwa penseli, akaridhika, akaandika Maragoli. Kwa Ochieng alitikisa mchanga kwenye kiatu, akaandika Usenge. Kisha akafika kwa Nelima.

"Mama, kwenu ni wapi?"

Nelima akafunika sufuria ambayo tayari ilikuwa imefunikwa.

"Mama?"

"Ngoja kidogo," akasema Nelima.

Oduor alingoja kidogo, halafu akaacha mstari huo wazi. "Nitarudi. Lakini lazima uwe umejazwa. Mtu hawezi kukaa kwenye kitabu bila kwao."

"Labda kwao kumepotea njia!" Jentrix akaita kutoka juu ya jiwe, na watu wakacheka, na Nelima akacheka pia, mwiba ukaingia ndani zaidi.

Si kwamba hakuwa na pa kutaja. Alizaliwa upande wa Bungoma, kwenye boma lenye chemchemi chini ya mteremko. Akiwa msichana aliizungushia mawe chemchemi hiyo kwa mikono yake, na maji yake yalikuwa na ladha ya chuma kidogo, ambayo hajaionja mahali pengine. Mama yake, Nasipwondi, alikuwa akimwita kutoka juu kwa kugonga jembe na kijiti. Kisha akaolewa na Wanyonyi, si mbali na hapo, akapanda mpera mbele ya nyumba, na Wanyonyi alipofariki akazikwa kando ya mpera huo. Hayo ndiyo aliyoyapenda: chemchemi na mpera. Vyote viwili alivijua vizuri hata angefumba macho. Kwa nini basi visimjie, naye anaona mawe ya watu yanakuja bila hata kuitwa?

Akasafisha mahali. Aliondoa magogo ya kuni karibu na mlango wake, akafagia, akanyunyiza maji ili vumbi litulie, kama mtu anayengoja wageni wa posa. Jumamosi ikapita. Jumamosi nyingine ikapita. Kilichokuja mahali hapo ni bata wa jirani, wakalala.

Jumamosi ya tatu, Jentrix alipoingia ndani kusonga ugali, Nelima akaenda kwa Kulwant, mke wa fundi Sukhdev, nyumba ya pili kutoka landhi, akaazima nyundo. Kulwant hakuuliza ya nini. Nelima akainama nyuma ya jiwe, upande wa choo, akapiga mara moja. Kipande cha ukubwa wa kiazi kikaanguka. Akakifunga kwenye kanga, akakiweka chini ya kitanda, akidhani labda kitakua, au kitaonyesha kwao njia.

Hakikukua. Kilianza kuongea. Kila asubuhi Nelima alipokuwa akikoroga uji, kipande kiliita chini ya kitanda kwa sauti ya mama yake Jentrix: "Jentrix! We Jentrix! Chumvi umeweka wapi?" Nelima akakipa chumvi. Kikanyamaza mpaka kesho yake, kikauliza kiberiti.

Na jiwe likaanza kuchechemea. Lilifika saa tisa, saa tisa na nusu, na wimbi limemwagikia upande mmoja. Jentrix alilizunguka, akashika mahali palipomeguka, akamtazama Nelima, asiseme kitu. Jentrix asiposema kitu, hata matone ya bomba yanasikika.

Jumamosi baada ya hapo, kwao Nelima pia kukaja.

Yalikuja mageti mawili, yakifuatana kutoka upande wa Bungoma kama askari. Moja lilikuwa la mbao, la kwa baba yake. Alilijua kwa ule ubao wa katikati uliopasuka. La pili lilikuwa la mabati, la kwa mume wake. Yakasimama mbele ya mlango wake, mahali alipofagia, moja kulia, moja kushoto. Hayakuwa na ua wala nyumba. Ukizunguka nyuma ya la mbao ulikuta choo. Ukizunguka nyuma ya la mabati ulikuta baiskeli ya Ochieng. Lakini ukichungulia kwenye ufa wa la mbao uliona mteremko na chemchemi na mawe yake yote. Na kwenye tundu la msumari la mabati uliona mpera, umezaa, na kaburi la Wanyonyi, halijapaliliwa. Mageti yote mawili yalikuwa na kufuli mpya.

Nelima akajifuta mikono, akagonga la mbao.

"Hodi."

"Nani?" Ilikuwa sauti ya kaka yake, Waliaula, sauti ya mtu aliye katikati ya chakula.

"Ni mimi, Nelima. Nataka kufika chemchemini tu."

"Nelima aliolewa," ikasema sauti, bila ukali. "Ng'ombe zake tulizipokea, tukazigawa. Huyo aende kwa mume wake."

Nelima akasogea hatua nne, akagonga la mabati.

"Hodi."

"Nani?" Huyu alikuwa shemeji yake, Enos.

"Nelima. Nataka nipalilie kaburi, basi."

"Nelima alikataa kurithiwa," akasema Enos, kwa upole kabisa. "Mjane aliyekataa kurithiwa hana nyumba hapa. Arudi kwa baba yake. Na hivi nyumba yake nimeweka mahindi."

Akarudi kwa la mbao. Akatumwa kwa la mabati. Alienda na kurudi mara tatu, hatua nne nne, na kila upande walimjibu kwa heshima, wakimpeleka upande wa pili. Kutoka kwenye ufa wa mbao ukapita upepo wenye harufu ya maji ya chuma. Alikaa kwenye kibao chake, kati ya mageti yake mawili, akafungua kitambaa cha kichwa, akakifunga tena.

Jentrix alikuwa ametazama yote kutoka juu ya jiwe. Akashuka, uso umemvimba.

"Mawili!" akasema. "Mimi jiwe moja, tena kilema. Wewe unaletewa mageti mawili kwa siku moja! Kuna watu wana bahati, jamani."

"Chukua moja," akasema Nelima.

Jentrix akavuta la mbao, akavuta la mabati. Akatingisha kufuli. Akachungulia kwenye tundu, akakaa hapo muda mrefu kidogo. Alipojitoa, wivu ulikuwa bado usoni lakini haujui uangalie wapi.

Nelima akaingia ndani, akatoka na kanga, akaifungua mapajani pake. Kipande kikasema, "Jentrix! Kuku amelala wapi?"

"Nilijua," akasema Jentrix. "Jiwe linachechemea Jumamosi ya tatu sasa."

"Na hukuniuliza."

"Ningekuuliza halafu ukaniambia, ningefanya nini?" Akachukua kipande, akaenda akakirudisha mahali pake, kikashika. Kisha akapanda, akajisogeza, akapigapiga jiwe kando yake. Nelima akapanda, akakaa matako yote mawili.

"Kitendawili," akasema Nelima.

Jentrix akacheka. Nelima alikuwa hajawahi kumtega mtu. "Tega."

"Mwanamume anacho kimoja, kinamtosha. Mwanamke anavyo viwili, na analala nje."

"Macho."

"Mwanamume ana jicho moja?"

"Basi matiti!" Na wanawake waliokuwa bombani wakapiga kelele.

"Matiti yanalala nje?"

"Ya Metrine yanalala," akasema Jentrix, na Metrine akamrushia maji kutoka bombani. Lakini kisha Jentrix alifikiri mpaka wimbi likakauka mkononi mwake. Alitaja mwavuli. Alitaja kinu na mchi. Mbele yake mageti mawili yalikuwa yamesimama juani, na mtu alikuwa tayari ameanika shuka juu ya la mabati, naye hakuyaona.

"Nipe mji," akasema Nelima.

Watu wote wakageuka, maana siku kama hiyo haikuwahi kuonekana.

"Nikupe upi? Ile yote niliyopewa iko mbali." Jentrix akatazama huku na huku, stesheni, paa za mabati, na ziwa lililokuwa likimeta nyuma ya magodauni. "Haya, chukua Kisumu. Ndio ulio karibu. Chukua na ziwa lake, nisisumbuliwe."

"Nimeenda Kisumu," akasema Nelima, kama desturi inavyotaka, "nikala samaki wa ngege, nikanywa uji wangu mwenyewe, nikakaa. Na jibu lake ni..."

Hapo Bwana Oduor akaingia uani na kitabu chake kwapani.

"Mama, ule mstari bado uko wazi," akasema. Akayaona mageti, akafurahi. "Ahaa! Yamekuja. Sasa kwenu ni wapi, hapa au hapa?" Na akagonga la mbao kwa penseli, kisha la mabati.

"Siyo hapa," zikajibu sauti mbili kwa pamoja, kwa heshima.

Mageti hayo yaliendelea kuja kila Jumamosi hadi mwaka wa sabini na nane, na hakuna siku yalipofunguliwa. Watu walizoea kuanikia nguo. Mpera ulizaa, ukaacha kuzaa. Kaburi halikupaliliwa.

Lakini siku ile Oduor alilowesha ncha ya penseli kwa ulimi, akangoja. "Na usiniambie Kisumu, mama," akasema. "Kila anayekosa la kusema ananiambia Kisumu. Kisumu ni mahali pa kazi. Hapa mtu ana chumba, hana kwao. Nataka pale unapopaita kwetu. Kwenu ni wapi?"

Nelima akamtazama Jentrix. Jentrix alikuwa ameweka mkono mdomoni, macho kwenye mageti. Jibu la kitendawili lilikuwa limemfikia sasa hivi, na mji alikwisha kuutoa.

"Kisumu," akasema Nelima. "Pamoja na ziwa lake. Nimepewa."