Sabuni ya Chini ya Kaunta

Duka lile lilikuwa la serikali, na kazi ya dada yangu mdogo pale, tangu usichana wake, ilikuwa neno moja: hakuna. Sabuni? Hakuna. Mafuta? Hakuna. Alilisema bila kuinua macho. Kidogo kilicholetwa na mgao kilijificha chini ya kaunta, kikisubiri ndugu na majirani.

Kisha duka likauzwa. Tajiri aliyelinunua akajaza rafu sabuni mpaka darini, akamwambia mdogo wangu: "Mama, nakupa leo tu. Jioni zikiwa bado zimeninunia hapo, kesho nauza mwenyewe." Akavuta kiti mlangoni, akakunja nne.

Mimi nilikuwa nimefika juzi, kutoka huko ninakozurura, nimefikia kwake. Watoto wake watatu wanakula kwa kaunta ile, na sasa na mimi. Nikakaa juu ya kreti, kando ya kaunta.

Akaingia fundi cherehani. "Sabuni ipo?"

"Hakuna," akasema mdogo wangu.

Tajiri akakohoa. Mdogo wangu akaziba mdomo kwa kiganja. Mazoea yana taabu.

"Ipo, kaka, samahani. Ipo tele."

Fundi akautazama ukuta wa sabuni nyuma yake. "Tele? Dada, kizuri chajiuza. Hizi zina ugonjwa gani?" Akaenda zake.

Ikawa hivyo asubuhi nzima. Wanaingia, wananusa, wanatoka. Watu waliozoea kugombania kipande kimoja walikiogopa kitu kisichogombaniwa. Alasiri mdogo wangu alikuwa akifuta kaunta ile ile kavu, na tajiri ameacha hata kukohoa. Hapo ndipo mimi nilipoanza kuogopa.

Akaingia muuguzi, jirani yake. Mdogo wangu akatupa jicho mlangoni, akainama taratibu, akachomoa mche mmoja kwenye boksi lililokuwa miguuni pake. Ni sabuni zile zile za rafuni. Akaufunika kwa kiganja.

"Shoga," akanong'ona, "hii nimekufichia. Usimwambie mtu."

Muuguzi akasogea. "Miwili huna?"

"Unataka kuniponza."

"Nitakuongezea kitu, bwana. Lete."

Muuguzi hakumwambia mtu, ila wale aliowaambia. Jua halijazama, foleni imefika kwa kinyozi. Fundi cherehani naye akarudi amenuna: "Kumbe nzuri mnapeana wenyewe kwa wenyewe?" Akachukua mitatu, akaificha ndani ya koti.

Tajiri akafunga mlango mwenyewe. "Kesho uje mapema," akamwambia. "Tuzishushe zote rafuni."

Mdogo wangu akaketi sakafuni, akashusha pumzi aliyoibana tangu asubuhi. "Na bei, bosi?"

"Si umemsikia jirani yako? Anaongeza."

Kesho yake rafu zilikuwa tupu, kama zamani. Wa kwanza kuingia alikuwa muuguzi, na pesa kiasi kile kile cha jana mkononi.

"Shoga, umeniwekea?"

Tajiri alikuwa kitini. Mdogo wangu akaanza kufuta kaunta.

"Hakuna," akasema. Hakuinua macho.