Chupa Nne za Mjomba Agustino

Safari hii Mjomba Agustino alikuwa anashuka kutoka Matombo kuja kusema ndiyo au hapana. Kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye neno kuhusu ndoa ya mpwa wake, hata baba akiwa hai na maoni yake mengi. Na mjomba wangu alishamkataa Stefano, mchumba wangu, kabla hajamwona. Kijana ni wa Iringa, alisema, na watu wa mbali huja kuchukua, hawaji kukaa.

Nikaamua kumwandalia karamu nyumbani kwangu Bigwa: vyakula vinne, kila kimoja na mvinyo wake, kama nilivyoona kwenye simu. Rafiki yangu Judith, ambaye hakatai kazi yoyote yenye kuonja, alikuja tangu mchana tuchague. Mvinyo mweupe mkali tukaupa sambusa. Mweupe mwingine, wenye harufu ya matunda, nikaupeleka kwa sato. Judith akaukataa, tukaonja tena, akaukubali. Mbuzi na wali wa Dakawa walipata mwekundu mzito bila ubishi. Ule mtamu ulibaki kwa mananasi, na kwa kuwa mananasi yalikuwa mengi, tuliuonja vya kutosha. Jioni ilipofika nilikuwa nampenda kila mtu, hata jirani mwenye jenereta.

Mjomba akaketi, Baba na Stefano wakiwa tayari mezani, nikamwamkia, nikammiminia kwa madaha, kidogo tu chini ya bilauri. Hakuigusa.

"Yustina," alisema, "siku hizi mgeni anaonja mwenyewe?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mwenye nyumba hunywa kwanza, mbele ya macho ya mgeni, kuonyesha kwamba hakuna sumu. Mtoto mdogo wa Matombo anajua hilo. Mimi nilijua ya kwenye simu, na chupa zilikuwa nne.

Nikanywa kwa sambusa. Nikanywa kwa sato, nikamweleza mjomba kwamba samaki huyu na mvinyo huu wamependana, na wala hawakumsubiri mjomba wao. Baba akakohoa. Kwenye mbuzi nilishikwa na kicheko, Judith akanikanyaga mguu, nikacheka zaidi. Stefano, maskini, alikaa wima kama anapigwa picha ya pasipoti.

Yakaja mananasi. Nikainua bilauri, chumba kikainuka nayo. Tone moja tu na ningelala mezani, mjomba arudi mlimani na hapana yake. Kumpa bila kuonja kungekuwa kumtukana mara ya pili. Niliogopa kweli, na bado nilikuwa nacheka.

Stefano akanyoosha mkono, akaichukua bilauri, akapiga funda moja, akaiweka mbele ya mjomba kwa mikono miwili.

Kicheko kikakatika. Hata Judith aliacha kutafuna.

"Wewe ni mgeni," mjomba alisema. "Anayeonja ni mwenye nyumba."

"Najua, mzee," Stefano alijibu. "Mimi nimekuja kukaa."

Mjomba aliichukua bilauri. Kisha akanywa yote, akalamba midomo, akasema sasa hiki ndicho kinywaji, vile vingine vitatu vilikuwa dawa ya kikohozi. Nikanyanyua chupa nimwongeze. Akaipitisha bilauri yake mbele ya mkono wangu, akaisogeza hadi kwa Stefano.

"Mwenye nyumba," alisema, "mgeni wako ana kiu."