Ufa Juu ya Stesheni ya Bir Louz

Leo watu wanashuka ngazi za stesheni ya Bir Louz wakitafuna karanga, wanaingia kwenye treni, wanatokea upande wa pili wa Algiers kabla karanga hazijaisha. Hawaulizi juu yake palikuwa na nyumba gani. Palikuwa na nyumba ya kina Keltoum.

Keltoum alikuwa msichana wa miaka kumi na tano walipozungushia mabati kile kiwanja cha mbele, wakasema chini hapa itapita treni. Akaolewa na kijana wa ghorofa ya tatu, jengo hilohilo, shimo bado shimo. Akamzaa Wassila, shimo limejaa maji na vyura. Ikaja ile miaka mibaya ya watu kuogopana, wachimbaji wakatoweka, majirani wakatupa humo magodoro na paka waliokufa. Msichana yeyote wa jengo akiulizwa ataolewa lini, alijibu, "Stesheni ikifunguliwa," na ngazi nzima ikacheka.

Halafu mashine zikarudi. Mara hii zilichimba chini ya jengo lenyewe. Vijiko vilicheza kwenye visahani. Ukuta wa sebule ukafanya ufa, kutoka pembe ya dirisha mpaka darini. Akaja Boualem, mpimaji wa kule shimoni, akabandika kipande chembamba cha kioo kukatiza ule ufa, akakishika kwa plasta huku na huku, akaandika tarehe kwa penseli.

"Huyu ndiye mlinzi wako, Mama Wassila," alisema. "Ukuta ukisogea kidogo tu, yeye anapasuka kwanza. Ukimwona amepasuka, niite mbio. Usimguse, hata vumbi usimpanguse."

Tangu siku hiyo Keltoum hakuwa na raha. Aliacha chungu jikoni akaenda kutazama kioo. Alikatiza sala akatazama. Mumewe yuko jangwani kwenye visima vya mafuta, akipiga simu anajibiwa habari za kioo.

Jumanne Boualem alikunja uso. Kwenye kioo palikuwa na mstari mwembamba kama unywele. "Jumamosi naja na mkubwa wangu. Mpaka hapo msijazane humu ndani. Na kikiachana kabisa, usingoje Jumamosi."

Alhamisi walikuwa wanakuja watu kumposa Wassila.

Jumatano akaingia Zoubida, wifi wa Keltoum, na kapu la makrout, vile vitafunio vya tende, na maneno yake.

"Wifi, hiki nini ukutani? Bandeji?"

"Cha watu wa treni. Kinapima."

"Kinapima aibu yetu! Watu wanakuja kumtazama msichana, wewe unawaonyesha nyumba yenye kidonda?"

"Boualem kasema..."

"Boualem ana mtoto wa kiume wa kumwoa Wassila? Kama hana, anyamaze!"

Wassila alicheka huko jikoni. Keltoum naye akacheka, kidogo. Kisha akachukua kisu cha kupakia plasta akakikwangua kioo, yeye mwenyewe, kwa mkono wake. Akaziba ufa, akapaka chokaa mara mbili. Ukuta ukawa mweupe kama shuka jipya, Zoubida akapiga kigelegele.

Wewe mama unayesoma hapa, usikimbilie kumcheka. Nani kati yetu hajaficha kitu siku ya wageni? Ila mwenzako alijuta saa ileile. Jana alikuwa na kitu cha kutazama. Sasa alikuwa na weupe mtupu, na chini yake mashine inanguruma.

Alhamisi baada ya alasiri wakaingia wanawake tisa. Mama wa kijana, Lalla Aldjia, mtu mnene mwenye sauti, alipelekwa mahali pa heshima: kwenye mto mrefu wa kukalia, chini ya dirisha. Wassila akapita na sinia la kahawa. Lalla Aldjia akainua kikombe, akakitazama.

"Mashallah! Nyumba hii hata sukari inashuka toka juu."

Wote wakacheka. Keltoum akaona kile cheupe juu ya kahawa, akainua macho. Chokaa mbichi ilikuwa imechanika, mstari uleule, nao unatoa unga. Akisema, posa imekufa na mtaa mzima utajua kwa nini. Zoubida alimkazia macho: kaa chini.

"Lalla Aldjia, inuka."

"Niende wapi, mwanangu? Kahawa sijamaliza."

"Nje. Nyote! Ukuta huu una ufa, nimeupaka chokaa jana msiuone. Wassila, weka hilo sinia, toka!"

"Anatania," Zoubida akasema. "Uchovu wa maandalizi, jamani..."

"Sitanii, Zoubida! Mshike mkono huo, mimi nashika huu!"

Wakamvuta Lalla Aldjia hivyohivyo, bila viatu. Walikuwa ghorofa ya pili waliposikia kishindo juu, na vumbi likawafuata ngazini. Matofali ya juu ya dirisha yalikuwa yameangukia ule mto mrefu.

Boualem akaja mbio kutoka shimoni, akahesabu watu kwanza. Kisha akamsikiliza Keltoum mpaka mwisho.

"Kile kioo kingeachana jana jioni," alisema taratibu. "Ungeniita. Ningesimamisha mashine."

Afadhali angempiga.

Kando ya mabati wanawake wamesimama miguu mitupu, nguo za sherehe zimejaa chokaa. Lalla Aldjia alikohoa, akapangusa uso kwa kilemba.

"Msichana namtaka," alisema. "Sina ugomvi naye. Lakini wewe, mama yake, ulinikalisha pale ukijua?"

Zoubida alifungua mdomo. Keltoum akamzuia kwa mkono.

"Nilijua."

"Basi harusi itafanyika kwetu. Utakuja, utakaa na wageni wengine. Jikoni kwangu usiingie."

Wassila alianza kulia. Keltoum akaitika kwa kichwa, akainama kumtafutia yule mama kiatu chochote cha kuendea nyumbani.