Maombi ya Safari ya Louisville

Daftari lilikuwa la Teta, lile la hesabu alilolimaliza mwezi wa sita. Baba yake, Kamanzi, aliligeuza akaanza kuandika kutoka nyuma. Kila jioni akitoka ghalani, akishaoga na kula, alifuta meza, akavaa miwani, akaongeza mstari mmoja au miwili. Jumamosi, saa kumi na moja alfajiri: kuondoka Buffalo. Saa nne na nusu: Columbus, petroli, dakika kumi na tano. Saa nane: Louisville.

Ilikuwa Agosti 2015. Sikukuu ya wafanyakazi ya Septemba ingempa siku tatu mfululizo, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu aajiriwe. Alikuwa ameazima maktaba kitabu kuhusu Louisville, akakisoma taratibu, kamusi pembeni. Alijua sasa kwamba mji ule ulianzia pale ambapo mto Ohio una maporomoko, mashua zikawa hazina budi kusimama na kushusha mizigo. Alijua kuna mitaa mizima ya nyumba za kale za matofali mekundu, na meli ya mvuke yenye miaka mia moja ambayo bado inabeba abiria. Meli hiyo aliiandika Jumapili baada ya kanisa, kwa ajili ya Teta, ambaye alikuwa na miaka kumi na mitatu na hapendi kukaa na wazee siku nzima.

Lakini safari yenyewe ilikuwa ya mama yake Kamanzi.

Mukandoli hakuwa na haja na matofali. Kule Louisville alikuwepo Nyirabeza. Wawili hao waliolewa kwenye kilima kimoja, msimu mmoja, huko nyanda za juu za Kivu Kusini, na Kamanzi alikua akidhani ana mama wawili. Aliwakumbuka asubuhi za baridi, ukungu umelala juu ya malisho hata ng'ombe wakasikika kabla ya kuonekana. Wao wameketi mlangoni, kila mmoja na kibuyu chake cha maziwa mapajani, wanakisukasuka na kuwasengenya waume zao bila kushusha sauti. Kila siku walibishana siagi ya nani imetangulia kushika. Vita vya 1996 viliwatawanya, mmoja akashukia Burundi, mwingine Rwanda. Sasa miaka kumi na tisa ilikuwa imepita, wanasikilizana kwa simu tu, na Nyirabeza alikuwa anapoteza macho. Alisema anaona watu kama kupitia moshi wa jikoni, na moshi unazidi.

"Sauti yangu anayo," Mukandoli alimwambia mwanawe. "Nataka anione uso, kabla huo moshi haujafunga."

Kamanzi aliandika. Kuhusu zile dakika kumi na tano za Columbus, hakusema kitu.

Columbus aliishi Zenoni, baba yake mdogo. Kostansia, mke wa Zenoni, alifariki Novemba iliyopita, wiki ileile theluji ilipoifunika Buffalo mpaka barabara kuu ikafungwa. Hawakufika mazishini. Baadaye ikawa zamu za kazi, ikawa gari bovu, kisha ikawa aibu ya kuchelewa, ambayo kila mwezi iliongezeka. Na kwao, aliyekosa msiba hapiti kwenye nyumba hiyo akiwa njiani kwenda kwingine. Huenda kwa ajili yake tu. Huketi, hulia, hulala. Kamanzi aliona kwamba wakilala Columbus, Louisville haipo tena. Akaamua wapite kimya, na Krismasi waende kwa Zenoni kama inavyotakiwa. Hakuupenda mpango huo, lakini hakupata mwingine.

Ulivunjwa na maombi ya simu. Kila Jumanne saa moja jioni, watu wa kwao waliotawanyika Marekani nzima hupiga namba moja, wakakutana wote hewani, wakaimba na kuombeana. Kamanzi alikuwa anaosha vyombo alipomsikia mama yake akiinamia simu mezani.

"Bwana asifiwe, wapendwa. Ni mimi Mukandoli wa Buffalo. Mutuombee. Jumamosi ya sikukuu tunashuka Louisville, na Kamanzi ndiye ataendesha."

Amina zikaja kutoka Dallas, kutoka Portland, kutoka Louisville. Ya mwisho ilitoka Columbus, nzito, ya mwanamume.

Kamanzi alifunga bomba. "Mama, umetangazia watu wote."

"Safari inaombewa kwa siri? Wapi uliona?"

Nusu saa haikupita, simu ya Kamanzi ikalia.

"Kamanzi mwanangu," alisema Zenoni polepole, kwa Kiswahili cha kwao chenye vipande vya Kifaransa. "Nimeombea safari yako. Nimesema amina kwa nguvu. Bon. Sasa nieleze, hiyo gari itaruka juu ya Columbus kama ndege, ao itapita chini?"

"Baba mdogo, tulipanga..."

"Mulipanga Krismasi. Najua. Ulipokuwa mtoto ukivunja kitu, hukusema uongo, ulisema utakieleza kesho. Sina hasira, donc usijitetee. Lakini watu wamesikia. Wakiniuliza mbona mumepita, nijibu nini? Kwamba Kostansia hakuwa mtu?"

"Hapana, baba," alisema Kamanzi.

Kesho yake alimwomba msimamizi wa zamu ampe na Jumanne pia. Msimamizi, bila ubaya, alimwonyesha orodha ya wote walioiomba siku hiyo. Jioni Kamanzi aliliweka daftari mbele ya mama yake, akamsomea kila mstari, pamoja na ule wa Columbus.

Mukandoli aliitazama ile karatasi ambayo hakuweza kuisoma.

"Dakika kumi na tano," alisema. "Kwa Kostansia. Aliyekubeba mgongoni."

"Nilikuwa nakutafutia muda na Mama Nyirabeza."

"Najua ulichokuwa unatafuta. Futa Louisville."

"Mama, macho yake hayatangoja Krismasi."

"Nimesema futa. Nitasimamaje mbele ya mwenzangu nikiwa nimetoka kuruka kilio? Hicho ndicho atakachokiona kwanza."

Teta, aliyekuwa kwenye kochi, aliuliza kwa Kiingereza kama na meli imefutwa.

"Imefutwa," alijibu baba yake.

Teta alifungua kinywa alalamike. Kisha akamtazama bibi yake, akahama, akaketi karibu naye.

Mukandoli alimpigia Nyirabeza palepale, sauti ya simu imefunguliwa, akamweleza yote. Upande wa pili kulisikika televisheni ya watoto.

"Nyirabeza? Uko hapo?"

"Niko. Nawaza. Mimi nilikwenda kumlilia Kostansia?"

"Ulikuwa hospitali."

"Nilikuwa hospitali, bandeji machoni. Tangu siku hiyo kila mtu ananihurumia, hakuna anayenidai. Donc na mimi nina kilio changu pale." Akageuka kutoka kwenye simu, akaita, "Rugamba! Jumamosi ya sikukuu unafanya nini?"

"Napumzika, mama," ilijibu sauti ya mwanawe kwa mbali.

"Vizuri sana. Utapumzikia Columbus."

Kamanzi alikirudisha kitabu maktaba kabla ya siku yake. Kurasa za mwisho, zenye picha za meli, alizipitia akiwa amesimama pale kaunta, kisha akakifunga.

Jumamosi, Zenoni alifungua mlango wa nyumba yake na hawakusalimiana. Walilia kwanza, watu wazima wote watatu, kwa kilio kilichokawia miezi tisa, na walipomaliza ndipo wakaulizana habari. Majirani wa kwao walikuja na chai ya maziwa. Saa nane gari la Rugamba likasimama nje.

Mukandoli alisimama katikati ya sebule, akajitengeneza kitambaa begani. "Mtu asiniite jina," alisema. "Na mimi sisemi neno."

Nyirabeza aliingia ameshikwa mkono. Alipelekwa kwa Zenoni, akamlilia Kostansia kwa sauti, mpaka akatua. Kisha akajifuta macho na kugeuka. Sebuleni walikuwemo wanawake sita. Alikwenda taratibu kutoka uso mmoja hadi mwingine, akisogea karibu kama anayenusa, akitikisa kichwa, akiendelea. Kwa Mukandoli alisimama. Akamshika mashavu kwa mikono miwili, akamgeuzia dirishani kwenye mwanga, akatazama muda mrefu. Teta alitaka kusema kitu. Kamanzi alimwekea mkono begani.

"Mbona wamekuacha uzeeke hivi?" alisema Nyirabeza.

Mukandoli alibana midomo.

"Na hili kovu juu ya nyusi? Hukuwa nalo kule."

"Nilianguka kwenye theluji," alisema Mukandoli. "Mwaka wa kwanza."

"Miaka yote hiyo ya simu, hukunieleza."

"Nilitaka ulione."

Nyirabeza alilipitishia kidole, kisha akaondoa kidole, akalitazama tena kwa macho tu.

"Bon, nimeliona," alisema. "Ni baya kweli."