Mifuko ya Rambo Katika Shimo la Samadi

Nawaandikia wenzangu mnaofuga ng'ombe mmoja kama mimi. Mtoto akirudi na jambo la shuleni, msikilizeni, lakini msilijaribu karibu na zizi. Mimi nililijaribu mwaka 1993, hapa Kanazi, pamoja na binti yangu Adventina, aliyekuwa kidato cha tatu.

Mdogo wangu Celina alikuwa amefariki mwezi wa pili kwa ule ugonjwa uliokuwa ukitumaliza. Mumewe alikuwa amemtangulia. Celina akaniachia Klaudia, mtoto wa miezi saba. Klaudia aliishi kwa maziwa ya ng'ombe wangu, niliyoyachemsha na kuongeza maji. Kwa hiyo nikisema ng'ombe, mjue nasema na mtoto.

Mifuko ya rambo, ile ya plastiki yenye picha na maandishi, ndiyo ilikuwa inaingia vijijini. Waliokuja kwenye msiba walileta sukari na chumvi ndani ya mifuko hiyo, na misiba ilikuwa mingi. Sisi taka zote za nyumba tunazirudisha kibanjani, kwenye shamba la migomba: maganda ya ndizi, majivu, nyasi za kutandika ndani. Zinaoza, migomba inakula. Basi na mifuko tukaitupa huko huko. Ukipiga jembe unaibua mfuko, chini yake udongo mkavu, maji yamekataa kupita.

Adventina alipokuja likizo, akaniambia, "Mama, mwalimu wa baiolojia anasema Japani wamegundua bakteria wanaokula taka za kiwanda cha nailoni."

"Bakteria ndiyo nini?"

"Vijidudu. Ndivyo vinavyoozesha samadi yetu. Tukivilisha vizuri, labda vitajifunza kula na mifuko."

Nilimwamini upesi. Wakati wa vita tulipokimbilia Muleba, nilifukia gunia la nguo chini ya mgomba. Tuliporudi nikakuta vifungo tu. Nikajua kibanja hakishindwi na kitu.

Jirani yangu Eufrazia alitukuta tunachimba nyuma ya zizi.

"Mnamzika nani tena?"

"Mifuko," nikasema. "Adventina anafuga vijidudu vya kuila."

"Mawe, mama yangu! Vile vingine havijamaliza kutuzika, nyie mnafuga vipya?"

"Mama Eufrazia, hivi si vya ugonjwa," Adventina akamwambia.

"Sawa, waitu, ndugu zangu. Vikishiba huko, msivielekeze kwangu."

Tulicheka. Tukapanga mifuko na samadi, tabaka kwa tabaka. Adventina akasema vijidudu vinapenda utamu, nami nilikuwa nimetoka kukamua rubisi, pombe yetu ya ndizi, basi tukamwaga machicha ya ndizi debe mbili na chumvi kidogo. Nilitaka kufunika kwa matete. Akakataa, akisema vinahitaji hewa.

Wiki ya tatu tulifukua kwa jembe. Mifuko ilikuwa na matundu, imechanika vipande vipande, imegeuka rangi ya udongo. Adventina akaruka. "Mama, vinakula!" Mimi pia nilifurahi. Hakuna aliyeuliza kama matundu yale ni ya jembe.

Sasa nakuja kwenye kosa langu mwenyewe. Jioni moja nilikuta ng'ombe amelegeza kamba, kichwa kimo shimoni, analamba machicha. Nilimwacha. Nilisema ashibe, ana mimba, na maziwa yaongezeke. Kesho yake nilimfungulia kamba mwenyewe. Ikawa hivyo siku nne.

Siku ya tano hakugusa maganda. Upande wa kushoto ulivimba ukawa kama ngoma. Hakucheua. Nilimkamua, nikapata kikombe kimoja. Adventina akakimbia kumwita bwana mifugo, Burhani, akaja na baiskeli. Alimpapasa, akamnywesha mafuta, akamchoma sindano. Tukasubiri mpaka saa nane mchana.

"Mama Adventina, amekula nini?"

"Machicha."

"Machicha peke yake?"

Adventina ndiye aliyemwonyesha shimo.

Burhani akarudi, akafuta mikono. "Mchinjeni kabla hajajifia. Akifa mwenyewe mtakosa na nyama."

"Na mimba yake?"

"Mama, nimesema mchinjeni."

Tukamchinja. Burhani alipopasua tumbo, akatoa bonge kubwa kama kichwa cha mtu, mifuko imejisokota na nyasi. Akaliosha kwa maji. Maandishi yalisomeka, na picha ilionekana.

"Binti, njoo uone," akamwambia Adventina, bila ukali. "Tumbo la ng'ombe lina vijidudu vingi zaidi ya shimo lako. Vinageuza nyasi kuwa maziwa. Hivi vimekaa na mifuko siku hizi zote, havikula hata herufi moja."

"Lakini wa Japani wapo," Adventina akasema, huku analia.

"Wapo, sikatai. Hawako Kanazi."

Klaudia alikuwa mgongoni kwangu, ameamka na njaa. Nilimpa uji wa mtama mwepesi, akautema. Usiku ule alipata maji ya sukari. Kesho yake nilivaa, nikaenda kwa Eufrazia na kibuyu kitupu, nimejiandaa kutukanwa. Alikitazama kibuyu, akaenda kukamua, akakijaza nusu.

"Kila asubuhi uje," akasema. "Ila aje Adventina, si wewe. Nataka huyo msomi anifagilie zizi na kuokota kila mfuko uliopo hapa."

Adventina alichelewa kurudi shule wiki mbili kwa kazi hiyo. Klaudia alipungua kidogo, kisha akarudi kunenepa. Shimo tulilifukua lote kwa mikono, tukatoa vipande kimoja kimoja, na bado nikilima naviona. Nimejaza magunia mawili, nimeyaning'iniza kwenye kenchi za jikoni juu sana. Sijui nitayapeleka wapi. Lakini ng'ombe wa Eufrazia akipita uani kwangu, naacha jembe, nasimama mpaka apite.