Lita Arobaini

Uongo wenyewe ulikuwa mdogo, na ulimtoka fundi saa kabla hajaufikiria. Binti wa duka la vifaa vya majini alimuuliza mfuko anaoutaka, ule usiopitisha maji, utabeba vitu vya watu wangapi. Akajibu wawili. Akauziwa wa lita arobaini, mwekundu, akaubeba begani hadi nyumbani, amejikaza kisabuni.

Kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa akipiga kasia ziwani na mkewe, aliyezoea kumwita mama, kila Jumamosi, katika kayaki ya viti viwili, yeye nyuma, mama mbele akitoa amri. Mfuko ulikuwa kazi ya mama. Ndiye aliyepanga vitu, akaukalia kutoa hewa, akakunja mdomo wake mara tatu na kubana kifungo, huku akimpiga mumewe vijembe: mtu anashinda akifungua na kufunga saa za watu, mfuko tu unamshinda. Mama alifariki mwezi wa pili. Mshono wa mfuko ule wa zamani ukaachia baadaye, naye akautupa, kisha akajuta siku nzima.

Jumamosi klabu yao ya makasia ilimpa kayaki ya kiti kimoja. Tundu lake la mizigo lilikuwa dogo, halipokei zaidi ya lita kumi. Akaufunga ule mfuko mwekundu juu ya kayaki, umekunjwa mara tisa na bado umelegea, upepo ukawa unausukuma huku na huko. Hakumaliza hata saa moja. Wenzake walipomuuliza kulikoni, alisingizia mgongo. Mgongo wake ulikuwa mzima kabisa. Kilichomrudisha ni kuona hakuna kichwa cha mtu mbele yake.

Jumatatu akaurudisha dukani. Pale mfuko haubadilishwi mpaka upimwe: unatiwa karatasi kavu, unafungwa, unazamishwa kwenye sinki robo saa. Kumbe alisahau kutoa vitu vilivyomo. Binti akavipanga kwenye kaunta kimoja kimoja: chupa ya chai, kikombe, taulo, koti la mvua, sweta ya kijivu ya kiume, na sweta ya bluu ya kike. Fundi saa akainamisha macho. Alitamani sinki lile limmeze.

Karatasi ilitoka kavu.

"Hauvuji, baba. Shida yake nini?"

Angeweza kusema rangi. Angeweza kusema bei. Akachoka ghafla.

"Niko peke yangu, mwanangu. Ile siku nilikudanganya."

Binti akamletea wa lita kumi, akamfundisha taratibu: vizito chini, nguo juu, halafu kukamua hewa. Mikunjo isipungue mitatu. Ikiwa miwili, ni sawa na kuyakaribisha maji ndani. Vitu vikaingia vyote, ikabaki ile sweta ya bluu.

"Na hii?"

"Ya mama yenu. Itie."

Akaitia, akasukuma, akakamua, akakunja. Mara ya kwanza, mara ya pili, mdomo ukaishia hapo.

"Haufungi, baba. Lazima kitu kimoja kitoke."

Fundi saa akaingiza mkono, akapapasa. Alichotoa ni sweta ya kijivu, yake mwenyewe, akaibana kwapani.

"Asubuhi ziwani kuna baridi kali," binti akamkumbusha.

"Najua."

Kisha mzee wa watu akauweka mfuko sakafuni, katikati ya duka, wateja wakimtazama, akaukalia. Hewa ikatoka. Akakunja mara moja, mara mbili, mara tatu, akabana kifungo, akangoja kidogo, kwa mazoea, asikie kijembe.